Nusu Mita

Emelyne aliiweka picha ile juu ya kaunta polepole, kama mcheza karata anayejua kwamba ameshashinda.

"Hii hapa, mwalimu. Shemeji amenitoa vizuri, sivyo?"

Sikuwa nimekwenda studio kwa mzee Gervais. Nilikuwa napita na kikapu changu kwenda sokoni kununua migebuka, Jumamosi ile, siku mbili tu tangu nirudi kutoka Sumbawanga kwenye semina ya walimu. Emelyne ndiye aliyeniita kutoka mlangoni. Yeye ni binti wa kaka yake mzee Gervais, na ndiye aliyekuwa akikaa kaunta kupokea wateja tangu macho ya mzee yaanze kufifia. Mpanda nzima ilimjua kwa kicheko chake. Mimi nilimjua pia kwa namna alivyolitamka jina la Maduhu, mpenzi wangu, akivuta ile herufi ya mwisho kama mtu anayeonja asali.

Nilitazama picha. Nikajuta kutazama.

Ilikuwa nyeusi na nyeupe. Uso wa Emelyne ulikuwa umeijaza yote, kuanzia kilemba mpaka mabegani. Kope zilihesabika. Kidoti kilicho chini ya mdomo wake, ambacho mimi niliyemjua miaka miwili sikuwahi kukiona, kilikuwa pale. Nyuma yake dunia yote ilikuwa imeyeyuka ikawa ukungu mtupu, kana kwamba siku ile hapakuwa na mtu mwingine aliyeumbwa. Na alikuwa anamtazama aliyeishika kamera, midomo imeachana kidogo, anakaribia kucheka.

"Lini hii?" niliuliza. Sauti yangu ilitoka ndogo.

"Ulipokuwa semina. Kule stesheni." Akaegemea kaunta. "Kaniambia, Emelyne usicheke, nataka kuona kope. We! Nani atatulia akiambiwa hivyo na mwanaume?"

"Kope?"

"Kope zangu mimi, mwalimu. Si za ng'ombe."

Akacheka. Nikacheka na mimi, Mungu anisamehe, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na uso wangu. Halafu nikasema, "Nitampelekea," nikaichukua picha ile nikaitia kwenye kikapu.

"Kuna na nyingine..." Emelyne alianza kusema, lakini nilikuwa nimeshatoka.

Huenda mtu mwingine angeona picha tu. Ubaya ni kwamba mimi nilifundishwa kuisoma, na mwalimu wangu alikuwa Maduhu mwenyewe.

Maduhu alikuwa karani wa mizigo pale stesheni. Magunia na mizani vilikuwa kazi yake, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kamera moja ya zamani, Zenit, nzito kama tofali, aliyoachiwa na mjomba wake. Haikuwa biashara. Hakupiga harusi wala vipaimara, ingawa watu walimwomba. Alipiga kivuli cha behewa, mikono ya wapakiaji, vumbi lililoinuliwa na ng'ombe. Jumapili baada ya misa tulizoea kutembea, mimi nikimbebea mkoba, yeye akinieleza mambo yake kama mtoto anayeeleza gari la mabati alilolitengeneza.

"Hii lenzi yangu ni ya milimita hamsini na nane," aliniambia siku moja. "Haivuti kitu, Lusia. Inaona karibu kama jicho lako linavyoona. Ukitaka uso wa mtu ujae, miguu yako ndiyo ikupeleke. Unasogea, unasogea, mpaka unasikia anavyopumua."

"Na mwisho wa kusogea ni wapi?"

"Nusu mita. Karibu zaidi ya hapo haioni, inaonyesha ukungu."

Basi nilipokuwa natoka studio nilikuwa tayari nimeshapiga hesabu. Uso na mabega vijae namna ile, kwa lenzi ya hamsini na nane? Alisimama mita moja kutoka kwake. Labda haikufika. Mahali ambapo ukinyoosha mkono unamgusa mtu shavu. Akasimama hapo, akarekebisha, akangoja mwanga, akamwambia asicheke. Picha nzuri haipigwi kwa haraka, na hilo nalo alinifundisha yeye.

Na mimi? Mimi Maduhu hakuwahi kunisogelea hivyo kwa kamera. Kweli, mwenye kosa nilikuwa mimi. Kila alipoinua kamera nilijifunika. Tangu utotoni sipendi kutazamwa. Hata chuoni, siku ya kufundisha mbele ya mkaguzi, niliandika ubaoni muda mrefu kuliko lazima ili autazame mgongo wangu tu. Lakini wivu hausikilizi hayo. Wivu uliniambia jambo moja tu njia nzima: amechoka kungoja, amempata asiyejifunika.

Nilifika nyumbani bila migebuka. Shangazi Dorotea, dada yake baba, ambaye nilikuwa naishi kwake, alikuwa anachambua mchele uani.

"Samaki wako wapi?"

"Sokoni."

"Wamekwambia hawaji?" Akaniangalia vizuri, akaweka ungo chini. "Ni yule Msukuma."

Machozi yalijibu.

"Nilikwambia, Lusia, na baba yako kule Kasokola aliniambia nikwambie. Ng'ombe wake ninawaweza. Lugha yao utajifunza. Lakini mwanaume anayeshinda amefumba jicho moja anawatazama wanawake kwa jicho lingine? Sasa hilo alilolifumba ndilo lako wewe."

"Shangazi, jamani!"

"Usinijamani mimi. Miezi minane anakutembeza kwenye vumbi, washenga wako wapi? Kwao Kibaoni si Ulaya. Lori linaenda na kurudi." Akachukua ungo wake tena. "Nenda kamuulize. Ukirudi unalia, umelia mara ya mwisho. Kesho baba yako anakuja kwenye misa. Nitamwambia yule hayupo tena, aache kuulizia."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa na jioni moja.

Stesheni ilikuwa kimya. Hakukuwa na treni siku ile. Mlinzi alikuwa amelala kwenye benchi, kofia usoni. Maduhu alikuwa amekaa juu ya magunia ya mpunga mbele ya ghala, shati la kazi limefunguliwa vifungo viwili, anafuta kitu kirefu cheusi kwa kitambaa laini. Aliponiona alisimama kwa haraka, uso wote ukawaka furaha. Furaha ile ndiyo iliyonichoma zaidi.

"Mwalimu! Nilikuwa nataka nije kwenu. Nina kitu..."

"Hata mimi nina kitu."

Nikaitoa picha, nikaiweka juu ya gunia.

Aliitazama. Hata hakushtuka! Aliinama, akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza hivi na hivi, macho yakatulia kama ya mtu anayesoma barua nzuri.

"Ee bwana," alisema taratibu. "Kope zimeonekana."

"Maduhu!"

"Nini?"

"Unazisifia mbele yangu?"

Ndipo aliponiangalia. Nadhani ndipo alipoona macho yangu yalivyovimba, maana alishusha picha.

"Lusia. Umeelewa nini?"

"Nimeelewa ulichonifundisha. Lenzi haivuti. Miguu ndiyo inakupeleka. Ulisogea mpaka wapi, Maduhu? Mita moja? Ulimsikia akipumua?" Sikuwahi kusema maneno mengi namna ile mfululizo mbele ya mwanaume. "Miezi minane mimi nikikuuliza mambo ya kwenu unasema subiri. Nimeondoka wiki mbili tu, umempata wa kusubiri naye. Ungeniambia. Ningelia nikanyamaza. Lakini kuitwa na yeye mwenyewe, anionyeshe kwa mkono wake, ananiita mwalimu huku anacheka..."

"Subiri."

"Neno lako hilo!"

"Basi usisubiri. Shika hii."

Akanipa kile kitu kirefu cheusi. Kilikuwa lenzi. Sijawahi kuona lenzi kama ile, ndefu kama mche wa sabuni, nzito, imechubuka rangi kwenye kingo.

"Mzee Gervais anaacha kazi," alisema. "Macho. Anauza vitu vyake kimoja kimoja, na hataki viende kwa mtu asiyevijua. Amenipa lenzi mbili nizijaribu kabla ya kuchagua. Fupi, ya thelathini na tano, inayoingiza nyumba nzima. Na hiyo, ya mia tatu. Uwezo wangu ni wa moja tu. Siku ya kwanza hakukubali zitoke peke yake. Alimtuma Emelyne azisindikize, akae nazo, azirudishe. Unamjua mzee."

Namjua mzee. Hata kalamu yake ya kuandikia risiti ameifunga kamba.

"Na wewe ukapata wa kumpiga."

"Alikuwa pale, anapiga miayo. Nikamwambia, vuka reli, simama upande wa pili." Akanyoosha mkono. "Pale. Penye nguzo ile. Mimi nilikuwa hapa, nimeegemeza lenzi juu ya gunia kwa sababu mkono hauiwezi. Reli ilikuwa katikati yetu, Lusia. Hatua saba. Nimeandika."

"Unasema tu."

"Sawa. Nasema tu."

Akaifungua Zenit, akaizungusha lenzi ya zamani mpaka ikatoka, akaikaza ile ndefu mahali pake, akailaza kamera juu ya gunia. Halafu akaruka chini kutoka jukwaani, akavuka reli, akaenda akasimama penye nguzo, mikono pembeni, kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Tazama!" aliniita kutoka ng'ambo.

Sikutaka. Nikatazama.

Mwanzoni niliona ukungu. Nikakumbuka alivyonifundisha, nikazungusha ile pete taratibu, na ghafla Maduhu akawa mbele yangu. Nilirudi nyuma kwa mshtuko. Nikainua kichwa: kumbe yuko kule kule, ng'ambo ya reli, mdogo, na nguzo yake. Nikainama tena: yuko hapa. Uso wote. Jasho kwenye paji. Nyusi ya kushoto ina upara mdogo ambapo alipigwa na pembe ya ndama akiwa mtoto. Mdomo umekauka, anaulamba kwa wasiwasi.

Sikuwahi kumtazama hivyo. Kila siku nilimtazama kwa kuiba, nusu sekunde, halafu chini. Sasa nilijificha nyuma ya chuma kile na hakuna aliyeweza kuniona, nikamtazama mpaka nikashiba. Hakujificha. Hakuinua mkono. Alisimama tu akaacha nimtazame, na kadiri nilivyokaa ndivyo macho yake yalivyozidi kuwa na kitu ambacho sikukiona kabisa kwenye picha ya Emelyne.

"Umeona?" aliita.

Nilikuwa sijamaliza.

Aliporudi nilikuwa nimekaa juu ya gunia, aibu imenipanda mpaka masikioni. Lakini wivu ni mgeni asiyeaga haraka.

"Hata kama ni hatua saba," nilisema nikitazama viatu vyangu, "ulimtazama muda mrefu."

"Nilimtazama kama nitakavyowatazama viboko wa mtoni Sitalike."

Nikajikaza nisicheke. Nikashindwa.

"Ukimwambia hivyo atakuua."

"Usimwambie basi." Akakaa gunia la jirani. Hakucheka. "Yeye anajua ilikuwaje. Hiyo picha ina mwenzake, nimempiga kwa ile fupi, amesimama pale pale, mdogo kama njiti. Hakukuonyesha?"

Nikakumbuka neno lililokatika mlangoni. Kuna na nyingine. Sikumngoja amalize. Sijui mpaka leo kama Emelyne alitaka kunionyesha au alijua kwamba sitangoja. Naamini yote mawili.

"Kwa nini hukuniambia habari ya lenzi?" niliuliza. "Tangu Alhamisi nimerudi."

Maduhu akafungua mkoba, akatoa daftari lake la mraba, lile analoandika kila picha anayopiga. Akatoa na bahasha.

"Mayu ameagiza picha yako mara mbili," alisema. Mayu ni mama kwa Kisukuma. "Sikutaka kukwambia ili usione unalazimishwa. Mimi niko tayari, baba yuko tayari. Lakini mama anasema, nitatumaje washenga kwa msichana ambaye sijui hata uso wake? Wazee wakiniuliza mkwe wako yukoje, niseme nini? Kwetu Kibaoni hata Nyanzala, mke wa ndugu yangu Malale, picha yake ilitangulia. Sasa nimtumie ipi? Hizi?"

Akazimwaga picha zangu juu ya gunia. Zilikuwa sita. Mkono. Mkono. Kanga. Mgongo. Mkono mwingine, na sikio. Ya mwisho ni mwavuli, na miguu yangu chini yake.

Nilizitazama nikaona haya kuliko siku zote. Miezi minane nilikuwa namlaumu kwa washenga, na aliyewazuia njiani alikuwa kiganja changu.

"Malale yuko hapa mjini, anarudi Kibaoni kwa lori la Jumatatu, ndiye wa kuipeleka," alisema. "Ndiyo nikawaza hii lenzi. Niseme ukweli? Niliwaza nikupige bila wewe kujua. Ukiwa darasani unasahihisha, karibu na dirisha."

Damu ilinipanda upya. "Ungeniiba."

"Ndiyo."

"Mbele ya watoto wa darasa la tatu!"

"Nilikuja. Jana." Akafungua daftari ukurasa wa mwisho, akanipa.

Mwandiko wake wa karani, umesimama wima, herufi kama magunia yaliyopangwa. Nikasoma mistari ya juu: *Emelyne. Mia tatu. Hatua saba, ng'ambo ya reli.* Chini yake: *Emelyne. Thelathini na tano. Pale pale.* Halafu kichwa cha tembo cha mbao dukani, halafu mbuzi, halafu behewa. Na mstari wa mwisho kabisa:

*Lusia, dirishani. Mia tatu. Hatua thelathini. Sikupiga.*

Nilisoma mara tatu.

"Kwa nini hukupiga?"

"Ulikuwa unaandika kwenye daftari la mtoto, unatabasamu peke yako. Nikaona, nikibonyeza hapa nitakuwa na picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na wewe hutakuwa umenipa." Alikuna ile nyusi yake. "Nikaishusha. Nikarudi kupima mpunga."

Ng'ambo ya reli jua lilikuwa limeshuka usawa wa miti, na mwanga umekuwa ule anaoupenda, mlaini, wa kuingia pembeni. Mlinzi aligeuka kwenye benchi, akaendelea kukoroma. Nikawaza kesho, baba akiwa kwenye misa, shangazi akimnong'oneza. Nikawaza mama mmoja huko Kibaoni, anapepeta mpunga mbele ya wazee, hana uso wa kuwaonyesha.

"Inunue hiyo ndefu," nilisema. "Uwafuate viboko wako. Ile fupi mwachie mpiga harusi."

"Kweli?"

"Lakini mimi hutanipiga nayo. Umesikia? Viboko, ndege, Emelyne, wote hao wabaki ng'ambo ya reli. Mimi rudishia ile ya zamani."

Alinitazama kama mtu aliyesikia vibaya. "Ile ya zamani haivuti, Lusia."

"Najua. Ndiyo maana."

Alibadilisha lenzi. Vidole vyake vilivyopima magunia maelfu bila kukosea vilishindwa kuikaza mara mbili. Mimi nilikaa juu ya gunia, nikaondoa kanga begani nikaikunja pajani, nikaweka mikono juu yake, nikaishika kama unavyoshika kuku asiruke.

Alianza mbali. Akasogea hatua moja. Nyingine.

"Mzee Gervais ataisafisha kesho baada ya misa?" niliuliza, nipate cha kusema.

"Nikimwomba."

"Na anayezitoa picha kwenye maji ya dawa ni Emelyne?"

"Ni yeye."

"Atakuwa wa kwanza kuniona?"

"Kabla ya mama. Kabla yangu mimi."

"Vizuri," nilisema, na kitu kidogo kibaya ndani yangu kilitabasamu.

"Hapo hapo," alinong'ona. "Kaa hivyo hivyo."

Akasogea. Niliona vumbi la mpunga kwenye mikono yake. Mkono wangu wa kulia ulitaka kuinuka, niliusikia kabisa ukianza safari yake ya siku zote, nikaukaza chini. Akasogea tena. Sasa nilimsikia anavyopumua, na hakika naye alinisikia. Niliangalia moja kwa moja ndani ya kile kioo, nikajiona mle, mdogo, kichwa chini miguu juu, sijajifunika.

Kamera ikalia, krach.

Hakuishusha kamera. Wala hakurudi nyuma.

"Mbona umesimama?" niliuliza.

"Nimefika mwisho. Nusu mita. Nikija karibu zaidi ya hapa, haioni."

Nilikunja vidole vyangu kwenye kanga. Halafu nikavikunjua.

"Basi iweke chini, Maduhu."